Manowari ya Shemeji

Shemeji yangu hajawahi kusafiri kwa meli. Mara moja tu maishani mwake alipanda boti ya matembezi, ile ya kuzungusha watu bwawani, akashikilia ubao wa pembeni tangu tulipoondoka mpaka tuliporudi. Akashuka midomo imemkauka, akasema maji si mahali pa mtu mwenye akili zake. Sasa mtu huyohuyo ndiye aliyeijaza meza yetu ya kulia manowari nzima, yenye mizinga, nanga na dohani tatu za moshi, yote ya karatasi. Kwa nini? Mimi niliuliza mpaka mdomo ukachoka.

Nyumba ni yao, yeye na dada yangu. Mimi nilihamia nilipofiwa na mume wangu, nikaja na cherehani yangu na ulimi wangu, na shemeji hupenda kuwaambia wageni kwamba kati ya hivyo viwili, cherehani ndiyo yenye kelele kidogo. Utani wetu ni wa siku nyingi. Mwanamume aliyemuoa dada yako ni haki yako kumsumbua, na mimi haki yangu huwa siiachi ilale.

Wote wawili walifanya kazi kiwanda kimoja cha uchapaji, kwenye chumba cha kujalidi vitabu. Shemeji alikuwa kwenye kisu kikubwa cha kukatia karatasi, dada kwenye meza ya kukunja na kushona kurasa. Wenzao walimbandika shemeji jina la Wembe, kwa sababu mkono wake haukuwa unakosea. Kila akimaliza kukata bunda aliuliza bila kuinua macho, "Imenyooka?" Dada aliweka rula, akafumba jicho moja, akasema ama "Imenyooka" ama "Rudia." Hakumwonea haya. Hata wakati wa uchumba, ambapo mwanamke mwingine angesema imenyooka ili tu atabasamiwe, dada yangu alisema rudia, na Wembe akarudia. Nadhani ndiyo sababu alimuoa.

Meli yenyewe ilianzia hukohuko kiwandani. Walipewa kazi ya kujalidi kitabu kikubwa cha michoro ya manowari za zamani, zile za chuma zilizokuwa zikiendeshwa kwa makaa ya mawe. Mwishoni mwa kitabu kulikuwa na meli moja iliyochorwa vipande vipande, ya kukatwa na kuunganishwa. Mashine ikakosea rangi kidogo kwenye kurasa hizo, mnyapara akasema zitupwe. Wembe akaomba achukue seti mbili, akazikunja kama bomba, akamwonyesha dada wakati wa chakula cha mchana. Akamwambia, "Siku nikipata nafasi, hii nitakuundia wewe." Dada akamwambia yeye alikuwa na shida ya sufuria, si ya meli. Wakacheka. Wakaoana, wakazaa, watoto wakakua wakaenda kwenye maisha yao, na lile bomba la karatasi likahama nao kila nyumba, siku zote juu ya kabati.

Alipostaafu aliliteremsha. Lakini kabla hajakata hata kipande kimoja, mambo yakabadilika, na tuliyaona kwanza kwenye chai. Kikombe kilianza kugonga kisahani. Shemeji akasema ni kikombe hicho kibovu, akachukua kingine. Na hicho nacho kikagonga. Daktari alimshika mikono, akamwambia ainyooshe, akamwambia aandike jina lake. Kisha akasema kwa upole kwamba ni ugonjwa wa kutetemeka, kwamba utakwenda polepole, na kwamba vidonge vitaupunguza kasi lakini havitauondoa. Siku ile nilitazama viatu vyangu njia nzima ya kurudi.

Kesho yake asubuhi alipangusa meza ya kulia, akatandaza zile karatasi, akatuita.

"Nataka kuimaliza hii meli kwa mikono yangu mwenyewe," akasema. "Kabla haijanikataa. Kwa hiyo nawaomba, hata mkiniona nahangaika vipi, msinisaidie. Mkono wa mtu mwingine usiguse. Nilimwahidi mtu."

Aliposema hivyo alikuwa akimtazama dada. Dada akauliza, "Na chakula tutakula wapi?"

"Mapajani."

Dada yuko hivyo. Jambo likimwingia moyoni huuliza habari za chakula. Akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Mimi nikajifanya natia uzi kwenye sindano.

Basi tukala mapajani. Nililalamika, sikatai. Mtu mzima kula na sahani mapajani, huku mbele yako meza nzuri ya miguu minne imekaliwa na mbao za kukatia, mikasi, vikopo vya gundi na mfupa wa kukunjia, ule ubapa mweupe ambao wajalidi vitabu hutumia kulainisha mikunjo. Lakini nilimtazama pia, na nakwambia, hata nilipokuwa namsema nilikuwa namwonea fahari.

Kila asubuhi alimeza vidonge vyake, akasubiri. Ukipita muda kidogo mkono ulitulia, si kabisa, lakini ulitulia, na hapo ndipo alipofanya kazi. Aliweka viwiko juu ya taulo lililokunjwa, akavuta pumzi, akaibana, akakata. Akiachia pumzi, kisu nacho kilikuwa kimeshainuliwa. Alipiga hesabu yake kichwani akaamua kuanza na vipande vidogo kabisa, kwa sababu huo mkono, alisema, leo ni mzuri kuliko kesho. Vikubwa vingekuja baadaye. Mizinga aliiviringisha juu ya sindano ya kushonea vitabu, mmoja mmoja. Mashua za kuokolea watu alizikunja ndogo kuliko punje ya maharage. Kila ukingo uliokatwa aliupaka penseli ya kijivu, ili weupe wa karatasi usichungulie na kuonyesha kwamba si chuma. Kamba za milingoti zilikuwa uzi wa kujalidi uliopitishwa kwenye nta.

Feni ilipigwa marufuku. Kupiga chafya pia. Siku moja nilishindwa kujizuia, nikapiga chafya moja tu, tena ya kiungwana, na mashua moja ikatoweka. Tulitambaa sakafuni sote watatu, watu wazima na magoti yetu, hatukuiona. Ikaja kuonekana mteja wangu alipokuja kujaribu gauni lake, imenasa kwenye pindo. Akaniuliza, "Fundi, hiki ni nini?" Nikamwambia ni mashua ya kuokolea, asiwe na wasiwasi, iko salama. Shemeji alinikumbusha habari hiyo kila nilipogusa pua.

Mwisho zilibaki zile mbavu mbili za meli, kulia na kushoto, na bendera. Viunzi vya ndani vilikuwa vimeshasimama. Mbavu zilikuwa ndefu, na kazi yake ilikuwa ngumu kwa namna nyingine. Alizibandika kwenye karatasi nene kwa gundi ya unga, akazikata, kisha akazipinda polepole kwa ule mfupa, akizilaza juu ya chupa, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka zikashika umbo la meli, zimebinuka kwa chini na kusinyaa kuelekea mbele. Wakati huo mkono ulikuwa umeanza kumgomea hata baada ya vidonge. Tulikuwa tunaona. Siku aliyoziondoa kwenye chupa alizilaza mezani zimalizie kukauka, akavaa shati safi, akaenda kliniki. Alikuwa na furaha kiasi kwamba alisahau kunitania mlangoni.

Dada akaingia kupangusa vumbi. Akaziona.

Sasa inabidi mtu ajue jinsi dada yangu alivyolelewa na kile chumba. Tangu yuko msichana, mnyapara alikuwa akiwafokea jambo hilohilo kila siku: chochote chenye gundi kisiachwe wazi. Kitiwe katikati ya mbao, chini ya uzito, kilale hapo. Ukikiacha kitajikunja, na jalada lililojikunja ni la kutupa. Amri hiyo imeiingia mikono yake mpaka kwenye mifupa. Nyumbani hata bahasha huwezi kuibandika akaiacha, lazima aikalishe chini ya kitu. Na hapo mezani kulikuwa na karatasi nene, gundi bado ina unyevu, zimejikunja zote mbili. Kwake yeye hiyo haikuwa meli, ilikuwa kazi inayoharibika. Akaogopa. Akadhani mume wake amesahau kuzibana, na kwamba ugonjwa sasa umepanda kichwani. Akataka kumfichia aibu hiyo kabla hajarudi. Akazipangusa kwa kitambaa, akazilaza katikati ya mbao mbili, akaweka pasi ya chuma juu, na tofali mbili za kwenye maua. Mimi nilikuwa sokoni kununua zipu.

Shemeji aliporudi nami nilikuwa nimeshafika. Aliitazama meza.

"Mbavu ziko wapi?"

"Ulizisahau," dada akasema taratibu, kama mtu anayemfunika mwenzake shuka. "Nimekubania. Hazijaharibika."

Aliondoa tofali. Akaondoa pasi. Akainua ubao. Zilikuwa bapa kabisa, na pale palipokuwa na mbinuko, rangi ilikuwa imepasuka mistari mirefu myeupe. Akapitisha kiganja juu yake, kiganja kinatetemeka, karatasi imetulia tuli.

"Umebana vizuri," akasema. "Hata mnyapara angesifu."

Hapo ndipo dada alipoelewa. Alikaa chini sakafuni palepale alipokuwa amesimama. Shemeji akaanza kucheka, na ukweli ni kwamba lilikuwa jambo la kuchekesha, dada naye akacheka huku kajifunika uso na kanga, na sijui ni wakati gani kicheko kilibadilika, ila nilipowatazama tena shemeji alikuwa amepiga magoti kando yake, anampapasa mgongo, anamwambia si kitu, ni karatasi tu.

Lakini kilikuwa kitu. Seti ya pili ya michoro ilikuwepo, ndani ya lile bomba. Kilichokosekana ni mkono. Alijaribu asubuhi moja, kisu kikaenda kilipotaka chenyewe, akakiweka chini. Akakusanya kila kitu, viunzi, mizinga, mashua zote pamoja na ile iliyosafiri kwenye pindo la gauni, akavitia kwenye katoni, katoni akaipandisha juu ya kabati.

Tukarudi kula mezani. Ile meza niliyoilalamikia miezi yote, sasa ilikuwa yangu, na kila siku nikabakiza nusu sahani. Dada alikuwa anapakua bila kuinua uso. Shemeji alikuwa anakula kwa kijiko kikubwa ili kisimwage, na hakuna aliyemtania mwenzake. Nilivumilia, nikavumilia, mwishowe nikaweka kijiko chini.

"Nyinyi wawili mnanishindisha na njaa," nikasema. "Wewe shemeji umemwahidi mwanamke meli. Wewe dada umemvunjia. Basi aliyevunja arudishe alichovunja, na aliyeahidi aendelee na ahadi yake. Au mnataka nishone mimi? Maana nitashona, na nitaitia mifuko."

"Nilisema mkono wa mtu mwingine usiguse," shemeji akajibu, anaitazama sahani.

Dada hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Mimi ni mtu mwingine?"

Shemeji akaisukuma sahani kando, akainuka, akaburuta kiti mpaka kwenye kabati, nami nikamwahi kabla hajakipanda, maana kuna ukaidi na kuna wazimu.

Kwa hiyo mbavu alizikata dada. Sasa yeye ndiye alikaa kwenye kisu, na Wembe akakaa mbele yake, rula imelala mkononi. Dada alipomaliza kipande cha kwanza aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyelisikia swali hilo miaka mingi akiwa upande wa pili, "Imenyooka?"

Shemeji akaweka rula. Rula ilicheza kidogo, akasubiri itulie. Akafumba jicho moja.

"Rudia," akasema.

Nilicheka mpaka nikavunja sindano ya cherehani. Dada alinikata jicho, akachukua karatasi nyingine, akarudia. Safari hii alizipinda kwenye chupa huku shemeji akimwelekeza hapa bonyeza, hapa iachie, na zilipokauka hazikukaribiwa na tofali. Zilikaa juu ya viunzi vyake vizuri, na meli ikawa meli. Nilizoea kuiita takataka yenye mizinga. Siku ile niliizunguka, nikaona hata madirisha madogo ya duara aliyoyatoboa kwa msharasi zamani mkono ulipokuwa bado wake.

"Bendera lakini ni yangu," shemeji akasema. "Hiyo msiniambie kitu."

Ilikuwa kipande kama ukucha wa kidole cha mwisho, cha kukunjwa mara mbili juu ya uzi kwenye mlingoti wa nyuma. Aliingoja asubuhi nzuri. Zilipita nyingi, hakuna nzuri. Mwishowe akasema nzuri haiji, akameza vidonge, akakaa. Mimi nikaondoa mguu kwenye cherehani, kwa sababu sakafu yetu hutikisika. Akaishika bendera kwa kibano, akaitia gundi, akavuta pumzi, akaibana.

Mkono ukapita kulia mwa mlingoti. Ukapita kushoto. Ukagusa uzi, ukaulegeza. Gundi ikakauka, akaikwangua, akatia nyingine. Tena. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye nyusi. Mwisho akalaza kibano mezani, akakisukuma kwa dada.

"Basi," akasema. "Bandika wewe."

Lilikuwa neno ambalo mtu yule hakutaka kulisema, tangu siku aliyopangusa meza. Alilisema bila uchungu, kwa uchovu tu, na hilo ndilo lililoniuma.

Dada akakitazama kibano, hakukigusa.

"Sibandiki," akasema. "Kishike."

Akasimama. Akaingiza viganja vyote viwili chini ya ubao uliobeba meli, akainyanyua kutoka mezani, akaisogeza mpaka mbele ya kifua cha mume wake.

"Nyoosha mkono. Usiuzuie. Uache uende unakotaka."

"Utatikisika."

"Utikisike. Mimi nalala na mkono huo begani kila siku. Mwendo wake naujua."

Akanyoosha. Mkono ukaanza, ule mwendo wake wa kwenda na kurudi, na dada akaufuata na meli. Mkono ukienda kulia, meli nayo ikaenda kulia. Ukishuka, meli ikashuka. Hakutazama mlingoti hata kidogo, alitazama kifundo cha mkono wa mumewe, midomo imebanwa, kama zamani alipokuwa anapitisha uzi kwenye mgongo wa kitabu. Kidogo kidogo vikawa vinakwenda pamoja, kibano na manowari, mizinga yote inayumba, mashua zote zinayumba, na katikati yao bendera na uzi vimetulia, kimoja mbele ya kingine. Shemeji akafumba kibano juu ya uzi. Bendera ikashika.

Dada aliendelea kuishikilia meli mpaka gundi ikakauka, na mkono wa shemeji ukiwa bado kwenye mlingoti, wakiyumba wote wawili taratibu. Mimi nilikuwa nalia. Ningesema ni vumbi la vitambaa, lakini hapakuwa na wa kumdanganya.

Shemeji akaachia. Akarudi nyuma kwenye kiti. Akauliza bila kuinua macho, kwa sauti ndogo.

"Imenyooka?"

Nami nikaiona, hata kutoka pale nilipokaa. Ilikuwa imelala upande, imepinda kiasi cha mtu yeyote kuona. Na nilimjua dada yangu. Katika maisha yake yote hajawahi kupitisha kilichopinda, hata kwa mchumba, hata kwa mnyapara. Aliiweka meli mezani polepole. Akainama, akafumba jicho moja, akaitazama ile bendera muda mrefu.

"Iko kwenye upepo, mzee wangu," akasema. "Bendera ya kwenye upepo haikai wima. Iache hivyohivyo."

Shemeji akaunyoosha mkono wake akauweka shavuni mwa dada, na ukatulia au haukutulia, sikutazama tena. Nilikwenda jikoni kupakua. Niliwaletea sahani zao pale walipokaa, nami nikachukua yangu, na siku hiyo tulikula mapajani, na sikulalamika.